Tahariri: Anayeandika programu Baraka atazame kwanza laptopu ya atakayeitumia

Vijana wa Baraka na Fizi-Centre wanaojifunza kuandika programu za kompyuta, wengi wao kwa kupenda tu, bila mshahara wala mkataba, hukutana mapema na swali moja: dirisha la programu litengenezwe kwa zana gani? Python, Java na Pascal zinajua kuhesabu. Lakini kitufe cha "Hifadhi", nafasi ya kuandikia jina, jedwali la kuonyesha nani amelipa na nani bado, hivyo vyote hutoka kwenye sanduku la zana linalofungwa juu ya lugha hizo. Masanduku ni mengi: Tk, Qt, GTK, wxWidgets, Swing, Lazarus, Kivy, Flutter, Electron. Kila moja lina mashabiki wake, na kila shabiki ana video yake.

Mbele ya shida za wilaya ya Fizi, swali hilo laweza kuonekana la anasa. Si hivyo. Hakuna kampuni ya Kinshasa wala ya Nairobi itakayokuja kuandika programu ya AVEC yenye wanachama 25 kando ya ziwa, au ya duka dogo la dawa, au ya prefe wa shule anayetaka kutoa buleteni bila kujumlisha alama kwa mkono usiku kucha. Kama itaandikwa, ataiandika kijana wa hapa, jioni, baada ya shughuli nyingine. Akikosea zana, daftari linabaki mezani na programu inabaki kwenye fleshi yake.

Ndiyo maana jibu lianze kutafutwa kwenye laptopu ya mtu atakayeitumia programu. Laptopu hiyo mara nyingi ni ya mtumba, imepitia Bujumbura, Kigoma au Uvira kabla ya kufika sokoni Baraka. Ina RAM ya gigabaiti 2 au 4. Diski yake ni ile ya zamani inayozunguka. Ndani mna Windows 7 au Windows 10, betri haidumu, na umeme unatoka kwenye sola au jenereta ya jirani. Intaneti ni ya simu, kwa mega za kununua. Ni kweli kwamba Starlink ilipewa leseni nchini Kongo mwezi wa tano 2025, lakini leseni ya Kinshasa haiweki antena juu ya kila kituo cha afya cha Fizi.

Kwenye mashine ya namna hiyo, Electron ndiyo ya kwanza kuanguka. Zana hii, iliyotokea kwa watu wa GitHub mwaka 2013, inampa kijana anayejua kutengeneza kurasa za wavuti njia rahisi ya kupata programu ya kompyuta, na ndiyo iliyotengeneza Visual Studio Code, ambayo wengi wanaitumia kuandikia. Urahisi huo una bei. Kila programu ya Electron inabeba ndani yake kivinjari kizima cha Chromium. Programu yenye kitufe kimoja tu inazidi megabaiti 100 kwenye diski, na inakula kumbukumbu kama kivinjari kilichofunguliwa. Tena, tangu toleo la 23 la mwaka 2023, Electron haifanyi kazi kabisa kwenye Windows 7 na 8. Aliyejifunza kwa kompyuta nzuri ya rafiki yake Bukavu au Lubumbashi hatalijua hilo mpaka siku atakapoweka fleshi kwenye mashine ya mweka hazina.

Flutter ya Google ni nyepesi zaidi inapofika kwa mtumiaji, na kwenye simu za Android inafanya kazi nzuri. Kwa kompyuta inadai Windows 10 au zaidi, ya biti 64. Na anayetaka kujenga programu ya Windows kwa Flutter lazima apakue pia zana za C++ za Visual Studio, yaani gigabaiti kadhaa. Kijana anayenunua mega kwa siku ataona mwezi unaisha kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Upande wa pili kuna Tk. Iliandikwa na John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ilianza kusambaa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati vijana wanaozungumziwa hapa hawajazaliwa. Sura yake ya zamani ilichekwa, na bado inachekwa. Lakini Python inapowekwa kwenye Windows, Tk inakuja nayo kwa jina la Tkinter, bila kupakua kitu kingine, ndani ya faili la chini ya megabaiti 40. Humo humo mna SQLite, inayohifadhi data zote za programu katika faili moja. Hiyo yatosha kwa daftari la akiba, kwa stoku ya duka la dawa, kwa alama za darasa. Na anayetumia sehemu yake iitwayo ttk badala ya vitufe vya kale atapata dirisha linalofanana na madirisha mengine ya kompyuta, kwa hiyo kicheko kinapungua.

Tkinter ina mitego yake. Kwenye Ubuntu na Debian haiji na Python; lazima kuongeza kifurushi cha python3-tk. Kwa Windows 7, Python ya mwisho inayokubali ni 3.8, ambayo waandishi wa Python waliacha kuihudumia mwezi wa kumi 2024. Na ili mtumiaji asilazimike kuweka Python, programu hufungwa kwa PyInstaller kuwa faili la exe. PyInstaller ya Linux haitoi exe ya Windows, na mara nyingine antivirusi huliona faili hilo kama adui na kulifuta. Kijana ajue hayo mapema, asije akayagundua mbele ya watu.

Lipo sanduku jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: Lazarus. Linatumia Free Pascal, na Pascal si ngeni kwa watu waliosoma informatika nchini Kongo. Mtu anachukua kitufe kwa panya, anakiweka juu ya dirisha, anabonyeza mara mbili na kuandika kitakachotokea, kama ilivyokuwa kwa Visual Basic. Mwisho wake ni exe moja ya megabaiti chache, isiyohitaji kitu kingine, inayofunguka hata kwenye Windows 7 ya biti 32. Msimbo ule ule hujengwa upya kwa ajili ya Linux. Leseni yake inaruhusu kuuza kinachotengenezwa bila kumlipa mtu. Ubaya wake ni upweke: video ni chache, na kijana wa miaka 20 akisema anaandika Pascal wenzake wanamtazama kama mtu aliyevaa suruali ya babu yake. Lakini masomo ya Kifaransa yapo, hasa kwenye tovuti ya Developpez, na kwa Mkongomani Kifaransa cha informatika mara nyingi ni rahisi kuliko Kiingereza.

Wengine watauliza kwa nini kijana ajisumbue na zana inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac kwa pamoja, wakati Baraka karibu kila laptopu ina Windows. Kama ni hivyo, si bora VB.NET na madirisha yake, iliyozoeleka katika TFC nyingi? Jibu liko kwenye tarehe. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo inazikataa laptopu nyingi za zamani kwa sababu ya chipu ya usalama na prosesa inazodai. Kwa mashine hizo, njia ya kuendelea kuishi kwa usalama ni Linux nyepesi, kama Lubuntu au Linux Mint. Laptopu ya shule iliyo na Windows leo inaweza kuwa na Linux mwaka kesho bila mwalimu kuulizwa, kwa sababu fundi ameona hiyo ndiyo dawa. Programu iliyofungwa kwa Windows peke yake itakufa siku hiyo. Mac hapa haihitaji maneno mengi.

Baada ya hapo inabaki Qt, na kwake haifai kuwa na haraka ya kukataa. Qt ilianzia Norway, kwa kampuni ya Trolltech, miaka ya 1990. Nokia iliinunua Trolltech mwaka 2008, Digia ikaichukua Qt mwaka 2012, na leo iko mikononi mwa Qt Company. Katika safari hiyo leseni ilibadilika mara kadhaa, na mashaka juu yake yalichangia mradi wa GNOME kuanzishwa mwaka 1997 na kuchagua GTK. Leo Qt inaweza kutumiwa bure chini ya LGPL. Kwa Python, PySide6 inafuata leseni hiyo, wakati PyQt6 ni GPL, yaani anayetaka kuuza programu bila kutoa msimbo wake lazima alipie. Ni zana yenye uzito: PySide6 inapakuliwa kwa zaidi ya megabaiti 100, na Qt 6 inadai Windows 10.

Lakini Qt inajua jambo moja ambalo Tkinter haijui, na kwa Fizi jambo hilo ni pesa taslimu. Mweka hazina wa AVEC anapopokea franka elfu moja na mia tano, anaweza kuandika 1.500, kwa sababu ndivyo watu wengi wa Kongo waliofundishwa kwa Kifaransa wanavyotenganisha maelfu. Python ikipewa maandishi hayo iyageuze kuwa namba, haitalalamika. Itasoma moja na nusu. Franka 1.500 zimekuwa 1,5, hakuna ujumbe wa kosa, dirisha limefungwa vizuri, na mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, mama aliyeweka akiba yake anaambiwa hana kitu. Akiandika 1,5 kwa koma, kinyume chake, Python inakataa na programu inaweza kusimama.

Qt inachukua kanuni za lugha na nchi kutoka kwenye mkusanyo wa Unicode uitwao CLDR. Ndani ya mkusanyo huo Kiswahili cha Kongo kina nafasi yake, kwa alama ya sw_CD, mbali na Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Huko imeandikwa kwamba Kongo hutenganisha maelfu kwa nukta na desimali kwa koma. Programu ya Qt iliyoambiwa itumie sw_CD inasoma 1.500 kama elfu moja na mia tano. Mtu fulani mahali fulani alikaa akaandika kanuni ya Wakongomani, nayo inangoja kutumiwa. Anayetumia Tkinter lazima aifanye kazi hiyo mwenyewe: kwa franka, akubali namba nzima tu, aondoe nafasi na nukta za maelfu kabla ya kuhesabu, kisha aonyeshe kiasi kwa herufi kubwa na kuuliza "Ni sawa?" kabla ya kuhifadhi. Ni mistari isiyofika kumi. Ikikosekana, ni afadhali daftari.

Lugha ya vitufe nayo isiachwe mwisho. Programu nyingi za vijana zinaandikwa "Enregistrer", "Supprimer", "Quitter", kwa sababu ndivyo zilivyofundishwa darasani, na wakati mwingine kwa sababu Kifaransa kinaonekana cha heshima. Mweka hazina anayesoma Kiswahili polepole na Kifaransa kwa shida atabonyeza "Supprimer" akidhani ni kitu kingine. Kiswahili cha kompyuta si jambo la kubuni leo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi iliyowekwa kwa Kiswahili. Maneno mengine ya Dar hayatasikika vizuri Baraka, na hapo mwandishi atumie linalosemwa sokoni. Maneno yote yawekwe kwenye faili la pembeni. Python ina gettext, Lazarus na Qt zina njia zao. Hapo anayetaka Kibembe au Kifuliru ataongeza faili bila kugusa msimbo. Na vitufe visipimwe kwa milimita za neno la Kifaransa, kwa kuwa neno la Kiswahili likizidi urefu litakatwa katikati.

Kuna hoja ya simu, nayo ni nzito. Wenye Android ni wengi kuliko wenye laptopu. Vijana wanaoajiriwa na ONG kukusanya takwimu kijiji kwa kijiji wanaijua KoboToolbox, iliyoanzishwa na watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative. Ilipendwa kwa sababu fomu hujazwa bila mtandao na kutumwa baadaye. Vijana hao wamejaza maelfu ya fomu za wengine, na data zikaenda mbali. Anayetaka kuandika ya kwake kwa ajili ya simu ana Flutter, kama mega zinamruhusu, au Kivy, ambayo mtu wa Kivu akiiona mara ya kwanza hudhani jina limekosewa. Kivy inaandikwa kwa Python na inafika kwenye Android, lakini kwenye laptopu ya zamani inaweza kukataa kufunguka kwa sababu inadai OpenGL 2.0. Asiye na kompyuta kabisa anaweza kuanza leo na Pydroid 3, programu ya Android inayoendesha Python kwenye simu yenyewe, pamoja na Tkinter na Kivy. Skrini ni ndogo na vidole vinachoka, lakini mtu hujifunza.

Hata hivyo, daftari la kikundi halifai kuishi kwenye simu ya mtu mmoja, inayoweza kuibwa, kuuzwa au kuanguka ziwani. Hapa Fizi ina somo lake yenyewe. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha maelfu ya watu hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, ingali na Wakongomani. Upande wa huku, kambi ya Lusenda imepokea Warundi tangu 2015. Watu wa kando ya ziwa wanajua kubeba walichoweza na kuacha kilichobaki. Programu inayofaa mahali pa namna hiyo ni ile ambayo yenyewe na data zake zote zinaingia kwenye fleshi moja, na kesho yake zikafunguka kwenye kompyuta nyingine, ng'ambo, bila intaneti na bila kuomba neno la siri kutoka kwenye seva. Tkinter na SQLite zinaweza hilo. Lazarus inaweza.

Lakini kinachobebeka kirahisi huibwa kirahisi, na faili la SQLite halifungwi kwa ufunguo lenyewe. Orodha ya majina, namba za simu na kiasi alichonacho kila mtu, ikianguka mikononi mwa wenye silaha, ni orodha ya nyumba za kutembelea. Kijana asiandike anwani kama kikundi hakiihitaji. Asiweke picha za wanachama eti dirisha lipendeze. Kwa wagonjwa wa kituo cha afya, uangalifu uwe mara mbili, na kama hajui kufunga data kwa ufunguo, aache kwanza kazi hiyo.

Basi, kwa anayeanza Baraka leo, Tkinter ndiyo ya kuanzia, au Lazarus kama Pascal aliipenda darasani. Qt ingoje siku ambapo mashine za watumiaji zitaiweza. Swing ya Java haina ubaya kwa aliyekwisha kuijua. Electron iachwe.

Wanaopaswa kusikia hayo zaidi ni walimu wanaosimamia TFC. Kila mwaka wanafunzi wanatetea kazi zenye vichwa vinavyofanana: programu ya kusimamia stoku, ya kusimamia wagonjwa, ya kusimamia wanafunzi. Jopo linatazama michoro, linauliza maswali ya nadharia, linatoa alama, na kazi inapanda kwenye rafu. Duka la dawa lililotajwa katika ukurasa wa kwanza halijawahi kuiona. ONG zinazolipia mafunzo ya informatika kwa vijana nazo huhesabu waliopata vyeti, na mara chache huuliza ni programu ngapi zilibaki kwenye meza ya mtu na kutumiwa miezi sita baadaye.

Jopo linaweza kuongeza nusu saa. Fleshi ya mwanafunzi ichomekwe kwenye laptopu iliyo ya zamani kuliko zote katika jengo, mtandao ukiwa umezimwa. Aitwe mtu asiye wa informatika, muuzaji wa sokoni au mlinzi wa lango, afungue programu bila kuelezwa, aandike jina lake na kiasi cha 1.500, ahifadhi, afunge. Kisha mwanafunzi afungue faili la data mbele ya wote na kusoma kwa sauti kilichoandikwa humo.